Mtoto wa mbwa amekua na bado anakojoa ndani: namna ya kumfundisha

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili akikojoa ukumbini, watu hufuta na kucheka. Akifika miezi saba na mchezo ukawa ule ule, hakuna anayecheka tena. Mkeka umeingia najisi, mama wa nyumba amechoka kupiga deki kila asubuhi, na baba anatafuta kamba amfunge ampeleke mbali akamwache huko. Mbwa wa namna hiyo ndiye anayeishia kuzurura sokoni na jalalani, hana mwenyewe, hana chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo jambo linaloonekana dogo, la mkojo wa mbwa, mwisho wake huwa ni shida ya mtaa mzima.

Makala haya ni kwa mwenye mbwa wa kati ya miezi mitano na mwaka mmoja hivi, ambaye wenziwe wa rika lake wameshajua kutoka nje, na yeye bado.

Najua kuna msomaji atauliza: mbwa anatafuta nini ndani ya nyumba? Huku Tana Delta mbwa hafugwi sebuleni. Mkulima wa Ngao, Wema au Hewani anamfuga kwa sababu ya nyani, tumbili na ngiri wanaoingia shambani mahindi yakianza kukomaa. Mfugaji wa Kiorma au Kiwardei anamfuga kwa sababu ya fisi. Hayo ndiyo matumizi ambayo hata dini imeyaruhusu: kulinda mifugo, kulinda shamba na kuwinda. Lakini mbwa mchanga hawezi kulala nje peke yake. Fisi humchukua, chatu humchukua, na mvua ya masika haimhurumii. Kwa hiyo miezi ya kwanza hulazwa jikoni, stoo au barazani, na huko ndiko tabia inakoanzia. Ninaposema "ndani" nina maana ya sehemu hizo zote, pamoja na ua unaofagiliwa ambapo watoto hukaa na watu hula.

Hajakosa adabu, amejifunza sakafu nyingine

Mbwa wetu alizaliwa wakati wa mafuriko ya Novemba 2023. Tulikuwa tumehamia mahali pa juu, tunaishi chini ya turubai, na chini tumetandika turubai jingine. Maji yaliposhuka tulirudi nyumbani. Aprili 2024 mto ukafurika tena, tukahama tena, na tuliporudi mara ya pili yeye alikuwa na miezi saba. Alikuwa hodari, anabweka inavyotakiwa, anajua watu wa nyumba. Ila kila alfajiri tulikuta ameloanisha mkeka wa plastiki wa ukumbini. Ukiutoa mkeka, anakwenda kwenye saruji. Mchangani hakuwa na habari napo. Tukimtoa nje anazunguka, ananusa, anacheza na majani, kisha anarudi ndani mbio na kukojoa.

Mzee mmoja jirani alikuja akatazama, akaniambia, "Mwanangu, huyu ana kiburi. Mtupe." Nikakaribia kumsikiliza. Kilichoniokoa ni kuuangalia ule mkeka vizuri. Ulikuwa wa plastiki, laini, unateleza, na chini ya mguu wa mbwa haukuwa tofauti sana na turubai.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Mtoto wa mbwa, tangu akiwa na wiki nane hivi, huanza kuzoea aina ya mahali anapojisaidia. Hasomi kuta wala mlango. Anasoma kwa miguu na kwa pua. Aliyekulia kwenye majani hutafuta majani, aliyekulia kwenye mchanga hutafuta mchanga, na aliyekulia kwenye saruji au turubai huona hapo ndipo chooni kwake. Ukimleta kwenye nyumba yenye saruji na mikeka, anafanya kile kile alichojifunza, tena kwa utiifu kabisa. Wewe unaona ukaidi.

Na hili halihusu mafuriko peke yake. Mbwa aliyenunuliwa Malindi au Mombasa akiwa amefungiwa chumba chenye saruji, au aliyefungwa kamba fupi tangu mdogo akalazimika kujisaidia pale pale anapolala, ana mzigo ule ule. Tena huyu wa kamba ni mgumu zaidi. Mbwa kwa tabia yake huchukia kuchafua malazi yake, na chuki hiyo ndiyo inayotusaidia kumfundisha. Ikishavunjwa, inabidi ijengwe upya polepole.

Kabla ya mafunzo, mtazame kama ni mzima

Hakuna mafunzo yatakayotibu ugonjwa. Ikiwa mbwa alikuwa ameshajua kutoka nje, kisha ghafla akaanza kukojoa ndani, shuku ugonjwa kwanza. Dalili za kutazama: anakojoa mara nyingi lakini kidogo kidogo, anajikaza na mkojo hautoki, mkojo una damu au unanuka kuliko kawaida, anajilamba sana sehemu za siri, au anakunywa maji kupita kiasi hata siku isiyo na joto. Haya yanaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yana dawa. Jike ambaye tangu kuzaliwa amekuwa akichuruzika mkojo mfululizo, hata akiwa amelala, anaweza kuwa amezaliwa na kasoro katika mirija ya mkojo. Huyo hata akitolewa nje mara ishirini kwa siku hatakauka.

Kama shida ni haja kubwa, hasa ya majimaji, fikiria minyoo. Watoto wa mbwa wengi huwa nayo, kwani aina moja huipata kwa mama yao hata kabla hawajazaliwa na nyingine kupitia maziwa. Minyoo hiyo si ya kuchezea. Mayai yake hukaa kwenye udongo, na mtoto anayechezea udongo kisha akatia mkono mdomoni anaweza kuyameza. Safura ya mbwa nayo hupenya kwenye ngozi ya mguu ulio peku na kuleta muwasho wenye mistari mistari. Basi dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, na kinyesi kifukiwe kila siku, kisiachwe uani na kisitupwe mtoni wanakochota watu maji.

Mwone daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa eneo lako. Ukiweza kukinga mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi, mchukue mbwa na chupa pamoja, itamrahisishia kazi. Usimpe vidonge vya maumivu vya watu. Ibuprofeni inaweza kumtoboa tumbo mbwa na kuua figo zake. Safari hiyo hiyo uliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Huchomwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kwa utaratibu atakaokupa daktari, na mbwa wa miezi saba asiye na chanjo ameshachelewa.

Rudi mwanzo, na tumia saa mliyo nayo

Akiwa mzima, mchukulie kama aliyeletwa jana, ana wiki nane, hajui kitu. Watu hukosea hapa. Wanaona ni mkubwa, wanadhani anatakiwa kujua, wanamwachia nyumba nzima azunguke. Kwa wiki mbili hadi nne asiwe ndani peke yake hata dakika tano bila jicho la mtu. Kama hakuna wa kumtazama, basi yuko nje, au amefungiwa mahali padogo panapomtosha kusimama, kugeuka na kulala, basi. Banda dogo la miti, sanduku kubwa la mbao, au pembe ya jikoni iliyozibwa kwa ubao vinatosha. Pasiwe pakubwa, maana akipata pembe ya kulala na pembe ya kukojolea mmerudi kule kule. Na asifungiwe saa nyingi mpaka ashindwe kujizuia, kwani hapo unamfundisha kuchafua malazi.

Kipimo cha haraka cha kujizuia mchana ni saa moja kwa kila mwezi wa umri. Wa miezi minne, saa nne. Lakini usihesabu hivyo mpaka mwisho. Hata mbwa mzima asikalishwe zaidi ya saa sita au nane. Usiku akiwa amelala hujizuia zaidi, na wengi wakishapita miezi sita hulala mpaka alfajiri.

Sasa ratiba. Vitabu vya wazungu vinasema chukua saa ya mkononi. Huku tuna saa nzuri zaidi, inasikika mtaa mzima. Adhana ya alfajiri, mtu wa kwanza kuamka amtoe mbwa kabla hajafanya jambo lingine lolote, kwa sababu akishaamka anakojoa ndani ya dakika chache. Adhuhuri, alasiri na magharibi, vivyo hivyo. Baada ya isha, mara ya mwisho kabla ya kulala. Hizo ni tano tayari, na nyumba nzima inazikumbuka bila kuandikiana. Kwa majirani zetu Wakristo, adhana inasikika pia, hakuna anayeizuia kuwasaidia! Kisha ongeza tatu za lazima: kila baada ya kula, kati ya dakika kumi na tano na thelathini, kila baada ya usingizi wa mchana, na kila baada ya mchezo mkali na watoto.

Ramadhani iangalieni. Nyumba hukesha, hula daku, kisha baada ya alfajiri watu hurudi kulala na mbwa husahaulika mpaka jua limepanda. Mbwa anayeharibu mafunzo mwezi huo huwa hakuharibu yeye.

Chakula kiwe kwa wakati, mara mbili kwa siku akishapita miezi sita, na sahani iondolewe baada ya dakika ishirini. Anayedonoadonoa ugali kutwa anakwenda haja kutwa. Maji usimnyime. Joto la Garsen si la kumfungia mbwa maji ili asikojoe. Utampa ugonjwa mkubwa kuliko ule unaoukimbia.

Mtoe kwa kamba, mwende mahali pamoja kila siku. Usimfungulie mlango tu akaenda mwenyewe, hutajua alifanya au hakufanya. Simama, nyamaza, mwache anuse. Sema neno moja tu, lile lile kila siku. Sisi tulisema "haya, kojoa". Akimaliza, pale pale, kabla hajapiga hatua ya kurudi, msifu na mpe kipande kidogo cha kambare mkavu aliyetolewa miiba, ukubwa wa ukucha. Ukingoja mpaka mfike mlangoni, yeye ataelewa kwamba amelipwa kwa kurudi nyumbani. Dakika tano zikipita bila kitu, mrudishe, mfunge karibu nawe au kwenye banda lake, jaribu tena baada ya robo saa. Yule anayecheza nje na kukojoa akirudi ndani, kama wetu, hutibiwa kwa hili hasa: hakuna kuachiwa huru ndani mpaka kibofu kiwe kitupu.

Mahali pawe na kivuli, mbali na njia ya watu, na mbali na ukingo wa mto. Wenye nyumba karibu na maji msimpeleke mbwa kando ya mto alfajiri na magharibi. Mamba hawasubiri amalize.

Kwa mbwa wetu wa turubai tuliongeza jambo moja. Nilikata kipande cha turubai kuukuu, upana wa busati dogo, nikakitandika chini ya mwembe ulio pembeni mwa ua, na nikakipangusia kitambaa chenye mkojo wake. Ndani tukaukunja mkeka wa plastiki na kuupandisha darini. Siku ya pili akaliona turubai, akalikojolea. Kila baada ya siku tatu nilikata upande mmoja na kumwagia mchanga juu. Wiki ya tatu kilibaki kipande cha kiganja, na yeye alikuwa anakojoa mchangani bila kujali. Aliyezoea saruji unaweza kumwekea bamba la jiwe au kipande cha saruji iliyovunjika, ukakifukia pole pole namna hiyo hiyo.

Tuliweka hesabu kwa mkaa ukutani: mstari kwa kila mara aliyokojoa nje, msalaba kwa kila mara ya ndani, na saa yake. Inaonekana kama mambo ya watoto, lakini siku ya sita ile misalaba ilituonyesha kwamba karibu yote iliangukia kati ya magharibi na isha, wakati kila mtu ameshughulika na chakula. Tukaongeza safari moja hapo.

Kusafisha

Mbwa hurudi anaponusa mkojo wake, hata pale ambapo wewe hunusi kitu. Kwenye saruji, nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu kwanza, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uache pakauke. Usimwage jiki juu ya mkojo ambao haujaoshwa. Hutoa mvuke unaochoma kifua, na dawa za sakafu zenye amonia humnukia mbwa kama mkojo mwingine. Sakafu ya udongo ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani: kwangua udongo ulioloana mpaka ufike pakavu, utupe mbali, jaza udongo mpya na ushindilie. Mkeka wa ukili uliolowa sana ni vigumu kuondoa harufu. Ukaushwe juani siku kadhaa na usirudi chini mpaka mbwa amefundishika.

Kwa upande wa tohara, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo usafi wa harufu ni jambo moja, na tohara ya mahali pa kuswalia ni jambo jingine. Mikeka ya swala iwekwe juu, na sehemu hiyo izibwe mbwa asifike kabisa wakati wa mafunzo. Kuhusu zulia zima au vyombo, muulize sheikh wako.

Fimbo na pua

Ile desturi ya kumshika mbwa na kumsugua pua kwenye mkojo wake haina faida hata moja. Mbwa huunganisha tendo na malipo yake kwa sekunde moja au mbili. Ukimkuta baada ya nusu saa ukampiga, anajua tu kwamba wewe ukiingia na pana mkojo, kuna kipigo. Ule uso anaouinamisha, tunaouita wa hatia, ni woga. Anachojifunza ni kukojoa nyuma ya kitanda au chini ya kabati usimwone, na mbaya zaidi, kutokojoa mbele yako hata nje. Kisha unasimama naye chini ya mwembe nusu saa na hatoi tone.

Ukimfumania anaanza, piga makofi mara moja au mwite jina, mbebe au mvute nje, amalizie huko, mpe kambare wake. Ukichelewa, futa unyamaze.

Wapo wanaofanana naye lakini sivyo

Dume wa miezi sita hadi tisa anayenyanyua mguu na kutia matone kwenye nguzo, gunia au mwimo wa mlango hajashindwa kujizuia. Anaweka alama ya mipaka yake, hasa kukiwa na mbwa wageni wanaopita au jike anayetaka dume jirani. Osha alama, mzuie asifike pale, na zungumza na daktari juu ya kumhasi, jambo linalopunguza tabia hiyo kwa wengi.

Jike naye akikaribia kutaka dume mara ya kwanza, mara nyingi kati ya miezi sita na kumi na miwili, hukojoa mara kwa mara. Ongeza safari za nje kwa wiki hizo.

Na yupo yule anayejikojolea anapokuona umerudi, mkia katikati ya miguu, anajilaza chali. Huyo anakusalimu kwa unyonge. Ukimfokea utazidisha. Ingia bila kumtazama, chuchumaa ubavuni badala ya kumwinamia, mwache aje mwenyewe. Wengi huacha wakikua.

Mvua ni kesi yake. Mbwa wengi hawataki kutoka kwenye mvua na matope, na hapo kazi ya mwezi huharibika kwa siku mbili. Kabla masika hayajaingia, jenga kipaa kidogo cha makuti juu ya mahali pake, futi nne kwa nne, na toka naye wewe mwenyewe hata kama utalowa.

Mkihama tena kwa mafuriko

Mbwa aliyefundishwa nyumbani hajafundishwa kambini. Ameshika mahali na ardhi yake, na mkifika kwenye turubai atachanganyikiwa siku za mwanzo. Mkipata nafasi ya kupakia vitu, chukueni mfuko mdogo wa mchanga kutoka pale chini ya mwembe, wenye harufu yake. Mkifika, umwageni pembeni mwa kambi, mbali na maji ya kunywa na mahali watoto wanapochezea, na siku hiyo hiyo mpelekeni hapo kwa kamba, kwa neno lile lile na kambare ule ule. Hesabuni upya wiki moja au mbili za kumtazama. Wetu hajahama tena tangu Juni 2024, lakini mfuko wake uko darini, juu ya mkeka wa plastiki.